Rangi ya waridi haitoshi: klorini, pH na asidi dhaifu ndani ya maji

Mbele yangu kuna neli mbili za kioo. Moja ina maji ya mto yaliyochujwa, nyingine ya kisima kutoka ukanda wa magadi chini ya Mlima Meru. Nimetia kidonge cha DPD, dawa ya kupimia klorini kwa rangi, katika kila neli, nikatikisa, na zote zimegeuka rangi ya waridi ileile: miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Fundi aliyeleta sampuli anasubiri sahihi. Namwambia avute kiti, nipime kwanza pH, yaani kipimo cha asidi majini: namba ikipanda, asidi imepungua.

Mto: 7.0. Kisima: 8.5.

Klorini inapoingia majini, iwe ya gesi au ya unga, kinachoua vijidudu hasa ni asidi ya haipoklorasi, HOCl. Hii ni asidi dhaifu. Asidi kali, kama ya haidrokloriki, ikikuta maji huachia haidrojeni yake karibu yote. Dhaifu huachia kidogo tu. Katika siki ya mezani, molekuli iliyoachia ni chini ya 1 kati ya 200. Na hata hiyo haikai hivyo: inaungana tena na haidrojeni, huku molekuli nyingine ikiachana nayo. Kwenda na kurudi kukiwa na kasi moja, tunasema kuna msawazo. Kwa macho maji yametulia, lakini ndani hakuna aliyekaa.

HOCl ⇌ H⁺ + OCl⁻

Katika pH ya takriban 7.5 pande hizi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Maji yakiwa na magadi, ayoni za haidrojeni (H⁺, yaani haidrojeni yenye chaji) ni chache, hivyo HOCl nyingi zaidi huvunjika kuwa OCl⁻. Kwenye pH 7.0 HOCl ni kama asilimia 76, kwenye 8.5 inabaki asilimia 9 tu. Kwa hiyo neli ya mto ina takriban miligramu 0.38 kwa lita za klorini iliyo katika sura ya HOCl, na ya kisima haifiki 0.05. Kidonge cha DPD hupima HOCl na OCl⁻ kwa pamoja, ndiyo maana rangi zimefanana.

Kwa nini sura iwe na uzito hivyo? HOCl haina chaji, hupenya ukuta wa bakteria bila shida. OCl⁻ ina chaji hasi, na ngozi ya bakteria nayo ni hasi, basi zinasukumana. Hata hivyo OCl⁻ haijapotea. HOCl ikitumika, msawazo unarudi nyuma na kutengeneza nyingine. Ni akiba, ila inahitaji muda. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pH iwe chini ya 8. Wengi hukumbuka namba ya kwanza tu. Kwa sababu hiyohiyo, mitamboni chokaa ya kupandisha pH hutiwa baada ya klorini kufanya kazi yake. Nimeona ikitiwa mapema, na rangi ya waridi ikawafariji watu wote.

Mtu mjanja atauliza: basi nikamulie ndimu? Kwenye dawa ya klorini iliyo kali, hapana kabisa. Asidi ikizidi, HOCl hukutana na kloridi iliyomo na kutoa gesi ya klorini, ambayo hubana kifua. Ndiyo ajali ya watu wanaochanganya dawa ya kung'arisha nguo na asidi ya kusafishia choo, mlango ukiwa umefungwa.

Maji ya mto nimeyatia sahihi. Ya kisima nimemrudishia fundi: aongeze dozi, ayaache tangini zaidi ya dakika 30, kisha alete sampuli mpya. Na safari hii apime pH kulekule kisimani, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikitoka njiani, namba hubadilika.