Kamera ndogo ipi? Niambie kwanza kinachokimbia mbele yako

Swali la kamera ndogo naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi mtu anakuja ameshachuja mpaka zimebaki mbili, hii ina megapikseli 20 na ile ina 40, si ile ya 40 ndo kali zaidi? Kazi yangu ni picha, na nafundisha pia watu kupiga kwa hizi kamera za mfukoni, na siku zote nawarudishia swali: kwenye picha unazopenda kupiga, nini kinasogea? Maana kama ni majengo, maua, marafiki wamekaa wamekuangalia na mwanga upo, karibu kamera yoyote itakufaa, hata simu yako inatosha kabisa na sikushauri utumie hela. Ila mtoto akianza kukimbia, mbwa akiruka, baiskeli ikikata kona, hapo ndo kamera zinaachana vibaya sana na megapikseli hazikusaidii kitu.

Tupige hesabu kidogo, ni rahisi. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde, kamera ikichagua shata ya 1/60 (yaani inapokea mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde), ndani ya huo muda shata iko wazi jamaa amesogea sentimita 8. Sentimita 8! Yaani uso mzima umepakwa kama rangi mbichi iliyopitiwa na kitambaa. Ukipanda hadi 1/500 amesogea sentimita moja, 1/1000 ni milimita 5, na kwa vile kwenye picha anaonekana mdogo, jicho lako halioni tena kwamba alikuwa anasogea. Kwa hiyo mimi natembea na namba hizi kichwani: watu wanaotembea 1/250, watoto wanaocheza 1/500, michezo na baiskeli 1/1000 au zaidi. Na hapa niseme kitu ambacho watu wengi wanauziwa vibaya, stabilaiza. Stabilaiza inatuliza mkono WAKO, haimtulizi anayekimbia. Ni nzuri sana kwa jengo usiku, ni nzuri kwa video, lakini kamera ikiandikwa ina stabilaiza ya nguvu usidhani ndo itamgandisha mtoto kwenye bembea.

Sasa shata ya haraka inataka mwanga mwingi, na mwanga unaingia kwa ukubwa wa tundu la lenzi na unapokelewa na sensa, kile kipande cha ndani kinachogeuza mwanga kuwa picha, basi habari nzima iko hapo. Kamera ndogo nyingi zisizopasuka wala kuingia maji, na zile za zumu ndefu, zina sensa inayoitwa 1/2.3, ambayo ni kama milimita 6 kwa 4.6, kaucha ka kidole kidogo. Zile zinazoitwa za inchi 1 (jina tu, usipime na rula utakasirika) ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo. Halafu kuna APS-C, karibu milimita 23.5 kwa 15.6, hiyo ni mara tatu tena ya inchi 1. Sensa kubwa ukiipandishia ISO (namba ya kuongeza wepesi wa kamera kwa mwanga) inavumilia, sensa ndogo ukifika 1600 tu chenga, vile vidoti vidoti, zinaanza kujaa kwenye vivuli na nywele zinakuwa kama zimechorwa na brashi.

Alafu kuna mtego wa zumu, na huu nausema kwa mkazo kwa sababu hauandikwi mbele ya boksi. Lenzi ya kamera ndogo ukiivuta, tundu linapungua. Chukua OM System TG-7, kamera ninayoipenda kwa kazi yake: ukiwa hujavuta ni f/2, ukivuta hadi mwisho ni f/4.9 (hiyo f ni kipimo cha tundu, namba ikikua tundu linakuwa dogo). Hiyo ni mwanga kupungua mara sita. Yaani kama ulikuwa unapata 1/500 kwa pembe pana, unavuta kumleta mwanao karibu na kamera inashuka hadi kama 1/80 bila kukwambia chochote, unaona tu picha imelainika unalaumu fokasi. Sio fokasi. Kwa hiyo ukisoma namba za kamera tafuta namba mbili za f, ya mwanzo na ya mwisho, ile ya mwisho ndo ya kuangalia kama unapiga michezo. Canon G7 X Mark III inaanza f/1.8 inaishia f/2.8 kwa zumu ya 24 hadi 100 (ni milimita za lenzi, namba ndogo ni pembe pana, kubwa inavuta mbali), Sony RX100 VII inaanza 2.8 inaishia 4.5 lakini inafika 200. Ndo biashara yenyewe hiyo, umbali unaulipa kwa mwanga.

Nilikuwa ufukweni jioni na binti wa dada yangu, jua limebaki kidole kimoja juu ya maji, yeye anaruka toka kwenye jiwe kuingia kwenye maji mafupi, anapanda anaruka anapanda anaruka. Nilikuwa na kamera mbili, moja ya maji yenye sensa ndogo na moja ya inchi 1. Ya maji nilivuta zumu kidogo, nikapiga mfululizo, picha zote miguu imekuwa moshi na matone ya maji yamekuwa mistari. Nikachukua ya inchi 1 nikaiacha pembe pana, nikasogea mimi mwenyewe hatua nne, nikalazimisha 1/800, ISO ikapanda hadi 2000. Chenga zipo, sikatai, ila kila tone liko peke yake hewani na vidole vya miguu unavihesabu. Hiyo ndo picha dada yangu aliyoichapisha. Ila nisiwe mnafiki, dakika kumi baadae mtoto akaniambia mjomba ingia na wewe, na iliyoingia majini ni ile ya maji, na chini ya maji kwa mwanga uliobaki ikatoa picha moja ya mapovu usoni kwake ambayo ile ya inchi 1 isingeipata kamwe kwa sababu ingekuwa imekufa.

Kwa hiyo makundi nayaona hivi.

Za inchi 1 ndo ninazoshauri kwa watu wengi wanaotaka kimoja cha kila siku na mbio kidogo. Sony walianza na RX100 mwaka 2012 na ndo iliyowafanya watu waamini kitu cha mfukoni kinaweza kutoa picha ya maana. Hii ya saba, RX100 VII ya 2019, inapiga picha 20 kwa sekunde na skrini haizimiki katikati, fokasi inamng'ang'ania mtu jicho, na ina kijidirisha cha kuchungulia kinachochomoza, jambo ambalo juani ni neema maana skrini juani huoni kitu. Ubaya wake: betri ni kiduchu, makadirio ya kiwanda ni kama picha 260, nunua ya pili siku hiyo hiyo. Na lenzi inayotoka na kuingia ni adui wa mchanga. Punje moja ikiingia kwenye yale mapete utasikia krrr, lenzi inagoma nusu njia na skrini inakuandikia zima kisha washa. Nimeshaletewa kadhaa za hivyo na dawa yake si kuilazimisha kwa vidole, ukiilazimisha meno ya gia yanakatika.

Za APS-C zenye lenzi moja isiyo na zumu ni mapenzi yangu binafsi, lakini sio za kila mtu. Ricoh GR III inaingia mfuko wa suruali kweli, gramu 257 na betri na kadi, lenzi ni sawa na 28, na ina kitu kinaitwa snap fokasi: unaipangia umbali, tuseme mita 2.5, ukibonyeza moja kwa moja mpaka chini haitafuti fokasi kabisa, inapiga hapo hapo. Ukiwa f/8 kila kitu kuanzia kama mita 1.2 hadi upeo wa macho kiko sawa. Kwa mtaani na watoto wanaokuzunguka karibu karibu hakuna kamera yenye fokasi ya kompyuta itakayoishinda hiyo, kwa sababu hakuna cha kusubiri. Lakini mechi ya mpira toka pembeni ya uwanja? Sahau, mchezaji atakuwa mdogo kama mchwa. Haina flashi pia, na haipendi vumbi. Fujifilm X100VI ya 2024 ni ndugu yake mkubwa, sawa na 35, f/2, megapikseli 40, ina flashi na stabilaiza ndani ya mwili, lakini zaidi ya nusu kilo kidogo, hiyo sio ya mfukoni ni ya shingoni.

Za kuvumilia maji na kuanguka, kama hiyo TG-7: maji mita 15, kuanguka mita 2.1, baridi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na zumu yake iko ndani kwa ndani haitoki nje, kwa hiyo mchanga hauna pa kuuma. Pia inasogea hadi sentimita 1 kutoka kwa mdudu, hapo hamna wa kuifikia. Juani ni kamera nzuri. Jioni na ndani ya nyumba utaichukia kwa vitu vinavyokimbia, sensa ni ile ndogo, hakuna uchawi.

Na zile kamera za kufunga kwenye helmeti, GoPro na ndugu zake, ni kamera za video zinazopiga na picha. Nyingi fokasi yake haisogei na tundu halibadiliki, pembe ni pana mno, mtu akisimama mita 5 anakuwa kidoti. Ukiwa wewe ndo unaendesha baiskeli, chukua hiyo. Ukiwa wewe ndo unampiga picha anayeendesha, usichukue.

Nirudi kwenye maji kidogo, kuna kitu kiliniuma. Nilishapoteza kamera ya kuzamia, kampuni siitaji, kwa unywele mmoja. Nilibadilisha betri kando ya maji, nikafunga kile kifuniko, kikalia tak vizuri tu, nikaingia. Dakika tatu lenzi ikaanza ukungu kwa ndani, nikajua kwisha habari. Nilipofungua nikakuta unywele umelala kukatiza ile sili ya mpira kama uzi, mfupi kama wa kope. Tangu siku hiyo nafungua kifuniko nikiwa mbali na maji, mikono mikavu, nazungusha kidole taratibu kwenye sili yote, naipuliza, naiangalia kwa mwanga wa pembeni, ndo nafunga. Nikitoka baharini naiosha kwa maji ya bomba kabla haijakauka, chumvi ikikauka inakuwa fuwele na fuwele inakwaruza mpira. Na mpira unazeeka, kamera ya miaka mitano iliyokaa kabatini usiizamishe kwa imani tu.

Kuhusu picha nyingi kwa sekunde, 20, 30, zinavutia lakini uliza zinaendelea kwa muda gani kabla kamera haijaziba ikianza kuandika kwenye kadi, maana nyingine inapiga sekunde moja au mbili halafu inakaa inafikiri wakati goli linafungwa. Weka kadi yenye alama ya V30 angalau, ni alama ya kasi ya kuandika. Na ukipiga kwa shata ya kielektroniki, ile ya kimya, sensa inasomwa mstari kwa mstari toka juu hadi chini, kwa hiyo rungu la gofu au gurudumu linapinda kama ndizi. Sensa zinazosomwa haraka, kama walizoanza kuweka Sony kwenye RX100 IV mwaka 2015, zinapunguza sana hilo.

Flashi watu wanaidharau, wanaiita ya kizamani. Flashi ya kweli, ile ya taa ya xenoni, mmweko wake ni mfupi mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo sebuleni gizani watoto wanacheza muziki yenyewe ndo inakuwa shata yako. Taa ya simu haiwezi hivyo, ile inawaka tu kama tochi.

Kamera yoyote utakayochukua kati ya hizo nzuri, kwenye menyu tafuta ISO ya oto yenye kima cha chini cha shata. Kamera za inchi 1 na APS-C nyingi zinayo. Weka kima cha chini 1/500, ISO mwisho 3200 au 6400, basi. Oto ya kiwandani inaogopa chenga kuliko inavyoogopa picha kupakwa, inakupeleka 1/60 haraka sana, na picha yenye chenga unaweza kuisafisha kwenye kompyuta lakini uso uliopakwa haurudi.

Ukienda kununua usikae kusoma kadi ya bei. Chukua kamera ikiwa imezimwa, iweke mfukoni, mwombe uliyekuja naye aanze kutembea haraka toka mwisho wa duka kuja kwako, ndo uitoe na kuiwasha. Sikiliza inachukua muda gani kuamka. Bonyeza nusu ishike fokasi, piga tano mfululizo, kisha vuta zumu nusu urudie tena na tena mwenzio akiwa anakuja. Halafu fungua hizo picha ukuze mpaka uone jicho, na uangalie namba ya shata kamera iliyochagua kila picha. Kama nusu ya macho yamelainika humo dukani kwenye taa zote zile, nyumbani itakuwa mbaya zaidi. Na muuzaji akikukatalia kuiwasha, mrudishie tu ukatafute kwingine.