Sanduku jekundu la Kichina: alama ya mfalme chini ya kitako haithibitishi kitu

Tangu sheria mpya ya China ya kulinda mali za kale ianze kutumika tarehe 1 Machi 2025, kitengo chetu kinaletewa malalamiko ya aina moja tu: mtu kanunua Guangzhou au Beijing sanduku la laka nyekundu ya kuchongwa (laka ni utomvu wa mti unaopakwa juu ya mbao), kaambiwa ni la enzi ya Ming, ukoo wa wafalme wa China wa 1368 hadi 1644, kufika airport limezuiwa, sasa anataka tumsaidie. Najua mnanunua kwa nia njema, zawadi au pambo la sebuleni, ila kuna mambo lazima tuyaweke sawa.

Alama ya mfalme, yaani maandishi ya jina la utawala wake chini ya kitako, haithibitishi umri, hili tumelisema mpaka tumechoka. Kwenye vyombo vya mfalme Yongle wa Ming (1403 hadi 1424) maandishi yamekwaruzwa kwa sindano, membamba kama unywele, yamesimama wima pembeni kushoto karibu na ukingo wa kitako. Ya mfalme Xuande (1426 hadi 1435) yalichongwa kwa kisu yakajazwa dhahabu, na kuna vyombo ambavyo yaliwekwa juu ya yale ya Yongle. Kama zamani hizo alama zilikuwa zinabadilishwa, ya dukani unaiamini vipi?

Angalia nakshi. Kwenye picha za wazee na majumba, fundi wa Ming ya mwanzo alijaza nafasi kwa nakshi tatu za mandharinyuma, moja ya anga, moja ya maji na moja ya ardhi yenye vimaua ndani ya miraba, na kila moja ina mahali pake. Ukikuta mawimbi yanaelea juu ya paa, aliyechonga hakujua anachochonga. Visahani vya maua ni tofauti, peoni zinapandana mpaka ukingoni na chini yake mara nyingi ni laka ya njano tupu, na kingo za petali zimesuguliwa zikawa laini, wakati kazi za mfalme wa baadaye, Qianlong (1736 hadi 1795), zimebanana na zina makali. Halafu chungulia pale kisu kilipoingia, laka ya kweli inapakwa tabaka kwa tabaka, kila moja inasubiriwa ikauke, na mara nyingi yanafika mamia. Ukiona mshono wa kalibu hiyo ni plastiki tu, basi.

Na nyufa nazo sio cheti cha uzee jamani, mbao iliyo chini ya laka ikikauka vibaya inapasuka hata ikiwa ya juzi. Wala msizibe kwa gundi. Victoria and Albert Museum ya London wana meza ya Xuande yenye majoka ya kucha tano, kucha za mfalme, na kwa kila mguu kucha moja imeondolewa makusudi, sasa fikiria mtu "angeirekebisha" akafuta ushahidi huo.

Sasa utaratibu. Vigezo vya China vya 2007 vinasema kitu cha 1911 kurudi nyuma hakitoki, hakuna cha "kimoja tu". Vya baadaye unapeleka kwenye ofisi ya ukaguzi wa mali za kale KABLA ya kufunga mzigo, kinaangaliwa na wataalamu wasiopungua watatu, wakaguzi wenye dhamana lazima wakubaliane wote, na uamuzi unatoka ndani ya siku 15 za kazi. Kikikubaliwa unapata kibali na chombo kinapigwa muhuri wa nta, kisha unapitia mpaka ulioteuliwa na unakionyesha forodha mwenyewe. Kikikataliwa unarudishiwa, ila kinabaki humohumo China. Hata kopi ya kisasa omba hati inayosema ni kopi. Risiti ya duka sio kibali!

Adhabu ya kusafirisha kwa magendo mali ya kale iliyokatazwa ni kifungo cha miaka 5 hadi 10 pamoja na faini, kosa likiwa dogo ni chini ya hapo, likiwa zito sana ni miaka 10 na kuendelea au maisha. Kusema hukujua unaweza kusema, ila mzigo utakuwa umeshashikiliwa.

Na ule muhuri wa nta usiubandue eti unaharibu muonekano, ukiubandua kabla ya forodha ni sawa na hujakaguliwa.