Duka lipo kwenye simu, mzigo upo stendi

Mei 2024 iliwabana wauzaji wa mtandaoni wa kusini mwa Tanzania pande mbili kwa mpigo. Mwanzoni mwa mwezi, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama huku na kule. Tarehe 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, na karibu Afrika Mashariki nzima ikawa inasubiri picha zifunguke. Anayeuza korosho za kubanguliwa kutoka Mtwara mjini kwa wateja wa Dar es Salaam alihitaji siku zile mtu wa stendi wa kumweleza basi limefika wapi, na mfanyabiashara mwenzake wa Dar wa kumpa mteja kilo mbili kutoka stoo yake ili wao walipane baadaye. Watu hao hawapatikani siku ya shida. Wanatafutwa mapema, kwa miguu.

Wengi wakisikia habari ya kujenga mtandao wa watu, picha inayowajia ni ukumbi wenye viyoyozi, vitambulisho shingoni na chai ya saa nne. (Wengine huja kwa ajili ya posho, hilo tunalijua.) Sisi tunashauri uanzie kwenye ofisi ya mizigo ya basi.

Mtwara hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 560, na vifurushi vingi vidogo husafiri na basi. Karani anayepokea mzigo ndiye anayejua kifurushi chako kitalala juu ya nini na jirani na nini. Korosho hushika harufu, kwa hiyo ikisafiri ubavuni mwa ndoo ya samaki wakavu itafika inanuka samaki, na mteja atakulaumu wewe. Nenda mabasi ya asubuhi yakishaondoka, karani akiwa ametulia. Salimia, jitambulishe, sema unauza nini na unatuma mara ngapi kwa wiki. Kisha uliza: saa ya mwisho ya kupokea mzigo ni ipi, kifurushi cha kilo tano kinalipiwaje, nani anapokea upande wa pili na namba yake ni ipi, na mzigo ukipotea nani analipa kwa ushahidi gani. Swali la mwisho ndilo watu huliruka kwa aibu. Ofisi nyingi zitatazama risiti, kwa hiyo hakikisha thamani ya mzigo imeandikwa humo. "Kifurushi kimoja" peke yake hakikusaidii kudai kitu.

Ukishafahamiana na karani, kosa la kawaida kuliko yote linakwisha. Kosa lenyewe ni kumwandikia mteja "mzigo umetoka" bila namba ya risiti, bila jina la basi, bila saa ya kufika. Mteja anaenda stendi mara mbili, anarudi mikono mitupu, na oda ya pili hutaiona.

Baada ya stendi, bidhaa yenyewe. Korosho ni mfano mzuri kwa sababu picha yake inadanganya. Simu ikisogezwa karibu, punje ndogo inaonekana kubwa, na neno "kubwa" kila mtu analipima kwa jicho lake. Biashara ya korosho ina madaraja yanayohesabu punje nzima katika ratili moja, yaani gramu 454: W240 ni punje 220 hadi 240, W320 ni punje 300 hadi 320. Ukitaka kupima nyumbani, weka gramu 100 kwenye mizani ya jikoni uhesabu. W240 itakupa punje 48 hadi 53, W320 itakupa 66 hadi 70. Sasa fikiria mwenye hoteli wa Masasi aliyeagiza kwako "korosho kubwa" kwa WhatsApp akapokea W320. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe, ila mmeshakosana. Mngekutana mara moja, viganja viwili vya korosho vikiwa mezani, achague kwa kidole, mngekuwa na lugha moja ya kuagizia mwaka mzima.

Kwa hiyo usiende kukutana na watu mikono mitupu. Kilo moja inatoa pakiti 20 za gramu 50, nazo zinatosha kwa siku moja ya maonyesho au ziara ya maduka. Kila pakiti iwe na jina la bidhaa, daraja, uzito, tarehe ya kufungwa na namba ya simu. Epuka vile vifuko laini vya kufunga fundo: hewa ya pwani ya Lindi na Mtwara ina unyevunyevu, korosho inalegea, na sampuli isiyolia mdomoni ni tangazo baya. Funga kwa mashine ya moto, weka kivulini.

Jambo moja kabla ya kwenda mbali. Korosho ghafi huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika. Mtu akikukaribisha kununua kwa mkulima pembeni, hiyo ndiyo kangomba, nayo ni kosa kisheria. Wewe mtafute mbanguaji, kaa naye, ona anavyokausha na anavyochambua.

Namba ya simu ina siri ambayo wengi hawaijui. Ukituma tangazo kwa orodha ya kawaida ya matangazo ya WhatsApp, yenye ukomo wa watu 256, linamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Na status, inayofutika baada ya saa 24, inaonekana pale tu nyote wawili mnapokuwa mmehifadhiana. Unaweza kuwa na namba 200 za watu na ukawa unatangazia hewa. Ndiyo maana kuonana ana kwa ana kunazidi thamani ya kadi ya biashara: mkiwa mmesimama pamoja, unampigia, simu yake inaita, unamwambia, "Nisevu hapohapo, andika Korosho Mtwara." Sekunde ishirini tu. Wewe naye mhifadhi kwa jina, mahali na anachotaka: "Mama Asha Masasi mbaazi", "Hoteli Lindi W240". Jina tupu utalisahau kabla ya Ijumaa.

Jioni ileile mwandikie. Ujumbe wa "nimefurahi kukufahamu" haumpi mtu la kujibu. Taja mlichozungumza na uweke jambo la kufanyika: "Ulisema unahitaji kilo kumi kabla ya Idi. Nikutumie Jumatano kwa basi la asubuhi?" Na usimwingize kwenye kundi lako kabla hajakubali. Mbali na kwamba inaudhi, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya mtu ni taarifa yake.

Unakutana nao wapi? Maonyesho ya Nanenane ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Siku za mwanzo ndizo nzuri kwa mazungumzo, maana kilele kikifika umati haukupi nafasi hata ya kusikia bei. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni za kutembelewa hata kama huna shida: kule unakutana na wasindikaji wengine, watengeneza vifungashio na mashine, na ndiko msindikaji mdogo anakopata barua ya utambulisho ya kwenda TBS, Shirika la Viwango, kuomba alama ya ubora. Chemba ya biashara, TCCIA, inafaa zaidi ukishaanza kuuza kwa jumla. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo inakurudisha kwa watu, kwa sababu wanawake na vijana huikopa kwa kikundi, na kikundi cha watu wasiojuana hakidumu. Na msimu wa korosho unapoanza, Oktoba, pesa inazunguka Newala, Tandahimba na Masasi. Kama unauza nguo au simu mtandaoni, hiyo ndiyo miezi ya kupanda gari ukaonwe sura.

Ukifika huko, usikae na marafiki zako tu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Takribani asilimia 17 tu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja au kwa nadra, maana rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Ilikuwa habari ya ajira, ila mwenye duka la mtandaoni hatahangaika kuona inavyomhusu.

Kufahamiana kukikolea, kunaleta mali kauli: unapewa mzigo leo, unalipa ukiuza. Kwa mtaji mdogo ni neema, na ndipo urafiki mwingi unapofia. Hata kama ni shemeji yako, andikeni idadi, bei, tarehe ya kulipa na nani anabeba hasara bidhaa ikiharibika, kisha kila mmoja apige picha karatasi hiyo. Anza na kiasi unachoweza kukilipa hata kisiponunuliwa.

Tahadhari nyingine ni fupi. Mtu mliyejuana mtandaoni kutana naye mchana, mahali penye watu, bila fedha nyingi mkononi. Ukitumiwa ujumbe wa kulipia banda la maonyesho kwa namba ya mtu binafsi, pita kwanza ofisi ya biashara ya halmashauri uulize kama maonyesho hayo yapo.

Safari ipigiwe hesabu pia. Tuseme nauli, chakula na sampuli vimekula shilingi 60,000, na faida yako kwa kilo ni shilingi 3,000. Safari hiyo inakudai kilo 20 za ziada. Kwenye daftari weka safu ya "amenijia kupitia nani", uijaze kila oda inapoingia, na uisome baada ya miezi mitatu. Huenda ukakuta ukumbi wenye viyoyozi umekuletea oda mbili, na karani wa mizigo, aliyeulizwa na abiria wapi panauzwa korosho nzuri, amekuletea kumi na moja.