Je, Giuliani ndiye aliyeituliza New York?
Wahafidhina wa Marekani wamerudia kwa miaka mingi kwamba Meya Rudy Giuliani ndiye aliyeituliza New York, kwa kuwakamata wachoraji wa kuta na wakwepa nauli. Tarehe zinakataa. Mauaji yalifika kilele mwaka 1990, zaidi ya 2,200, yakaanza kushuka mwaka uliofuata. Giuliani aliingia ofisini Januari 1994. Fedha za kuajiri maelfu ya polisi zilipitishwa 1991, enzi za David Dinkins, meya aliyemtangulia. Compstat, takwimu za uhalifu za kila wiki zilizowabana makamanda, ilianza enzi za Giuliani, hilo tumpe. Ila kusimamisha watu barabarani na kuwapekua, je, ndiko kulikopunguza mauaji? Mwaka 2011 polisi walifanya hivyo zaidi ya mara 680,000, mauaji 515. Mwaka 2015, mara 23,000 hivi, mauaji 352.