Maana ya kuchemsha, jikoni na mtaani

Maji huchemka, na anayeyafanya yachemke huchemsha. Asili ya neno haiko kwenye joto peke yake. Iko pia kwenye mwendo wa maji, kule kufurukuta na kutoa mapovu. Ndiyo maana maji yanayobubujika toka ardhini tunayaita chemchemi hata yakiwa baridi. Pale Chemka, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, watu huogelea bila kuungua.

Jikoni maana ni moja: kupika kwa maji yanayotokota. Mayai, mihogo, maharage na viazi vyote huchemshwa. Tanzania kuna pia mchemsho, samaki au kuku anayepikwa pamoja na ndizi au viazi, karoti na hoho, bila kukaangwa kwanza. Kwa maji ya kunywa, neno hili lichukuliwe kwa uzito wake. Maji yaliyoanza kutoa mvuke hayajachemka. Yasubiriwe hadi mapovu makubwa yapande mfululizo, kisha yaachwe hivyo dakika 1, au dakika 3 kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, kwa kuwa huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Kutoka jikoni neno limehamia kichwani. Chemsha bongo ni fumbo au swali la kumfanya mtu afikiri, na msemo huu unaeleweka Kenya na Tanzania sawasawa. Damu inayochemka ni ya kijana mwenye pupa, au ya mtu aliyekasirika.

Maana inayowatatiza wageni ni ile ya mtaani Tanzania: kuchemsha ni kushindwa, kuboronga, kukosea mahali ulipotarajiwa kufanya vizuri. Mwanafunzi anatoka kwenye chumba cha mtihani anasema, "Hesabu nimechemsha." Mshambuliaji anapaisha penalti, jukwaa zima linasema kachemsha. Magazeti ya michezo nayo hulipenda: timu ikipoteza mechi ugenini, kichwa cha habari kinasema "yachemsha". Anayetoa hoja isiyo sahihi huambiwa, "Hapo umechemka."

Kwa nini kushindwa kuitwe kuchemsha? Mimi naona jibu liko barabarani. Gari likizidiwa na joto, tuseme limepanda mlima na mzigo mzito huku rejeta ikiwa haina maji ya kutosha, madereva na mafundi husema limechemsha. Halikugonga wala halikuvunjika. Limezidiwa na kazi, likasimama njiani. Na aliyechemsha kwa maana ya mtaani ni huyohuyo: alianza, watu wakamtegemea, akaishia katikati. Ndiyo maana neno hili halimfai mtu ambaye hakujaribu kabisa. Asiyefika kwenye mtihani hajachemsha.

Kuna alama ya kisarufi inayosaidia kutofautisha. Kuchemsha kwa jikoni kunataka kitu kinachochemshwa, kitajwe au kijulikane: amechemsha maziwa, ameyachemsha. Kwa mtaani hakuna kitu kama hicho. Mtu amechemsha, basi, au amechemsha kwenye usaili. Wala huwezi kuligeuza ukasema "usaili umechemshwa" ukaeleweka.

Kwa kuchemka alama hiyo haipo, na hapo ndipo watu wa nchi mbili hupishana. Ukisema "mwalimu alichemka", msikilizaji wa Nairobi anaweza kuelewa alikasirika sana, na wa Dar es Salaam akaelewa alikosea. Ongeza "kwa hasira" na utata unaisha.

Neno si tusi. Marafiki huambiana, na mtu hujisemea mwenyewe bila aibu. Ila kumwambia mzee "umechemsha" ni utovu wa adabu, na kwenye ripoti au barua ya kazi andika "hakufanikiwa" au "ameshindwa".