Ninavyopima opampu kabla ya kuikabidhi maikrovolti

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, hawaingii ziwani, na taa zao hukaa tu ufukweni. Giza likirudi, betri zimekufa. Nilishuku kuna mkondo unaovuja taa ikiwa imezimwa. Nikataka kuupima kwa shanti, yaani resista ndogo sana ya kupitishia mkondo, inayotoa milivolti 75 ampea 50 zikipita, ambayo ingebaki palepale hata taa ikiwaka.

Sasa piga hesabu. Shanti hiyo ina miliomu 1.5, kwa hiyo miliampea 40 zikipita unapata maikrovolti 60 tu. Multimita yangu kwenye geji ya milivolti 200 haioni chini ya maikrovolti 100. Lazima uikuze volti hiyo kwanza kwa opampu, yaani chipu ya kukuza volti.

Shida ni kwamba kila opampu ina kivolti chake yenyewe, ofseti, hata ingizo zote mbili zikiwa graundi. LM358, ambayo huikosi duka lolote la spea, kwa kawaida ina milivolti 2, na kiwanda kinaruhusu hadi 7. Kwenye shanti yangu milivolti 2 ni ampea 1.3 ambazo hazipo kabisa! Mafundi wengine huniambia nisome sifuri kisha nitoe. Sikubaliani nao. Ofseti ya LM358 huhama kama maikrovolti 7 kwa kila nyuzi ya joto. Asubuhi nyuzi 22, mchana 32, tayari imehama maikrovolti 70, kupita hata kile ninachokitafuta. OP07, opampu ya usahihi zaidi, huhama karibu nusu maikrovolti tu kwa kila nyuzi, kwa hiyo kwake kusoma sifuri na kutoa kunafaa.

Kipimo changu ni hiki: resista ya omu 10 kutoka ingizo hasi kwenda graundi, ya kilo-omu 10 kutoka kwenye tokeo kurudi ingizo hasi, na ingizo chanya liende graundi kupitia omu 10 nyingine. Ukuzaji ni mara 1,001, basi milivolti moja ya tokeo ni maikrovolti moja ya ofseti. Umeme ni betri mbili za volti 9. Kisha nafunika yote kwa kopo la plastiki, nasubiri dakika kumi.

Usiliache hilo kopo. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani namba zinacheza, na nilipobana mguu wa resista kwa kidole, milivolti 38 za tokeo zilipanda hadi 45. Ndilo jambo aliloligundua Seebeck mwaka 1821: metali mbili zikiungana na joto likatofautiana, volti inazaliwa. Shaba na risasi ya kulehemu zinatosha kabisa.

Kati ya OP07 tano nilizoagiza Dar es Salaam, nne zilisoma milivolti 22 hadi 61. Ya tano ilisoma 1,400, wakati kikomo cha OP07C ni 150. Niliipangusa kwa asetoni, maandishi yakatoka yote: dalili ya chipu ya bandia.

Ile ya 22 ndiyo niliyoichomea kukuza volti ya shanti. Taa ya kwanza, ikiwa imezimwa na sifuri imeshatolewa, ilisoma maikrovolti 57: miliampea 38, usiku na mchana, ampea-saa 7 kwa siku nane. Swichi ilikuwa inakata LED peke yake, saketi ya kuziendesha ikabaki inainywa betri.