Kizibo Kimeshawekwa, Vidonge vya Nini Tena?

Mgonjwa wa mpapatiko wa atria (vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo) anawekewa kizibo kwenye kifuko cha atria ya kushoto, ambako mabonge ya damu yanayoleta kiharusi hujijenga, analala hospitali usiku mmoja, na wiki haijaisha kidonda cha kinenani, mrija ulikopitia, kimekauka. Hapo ndipo swali lile lile linapokuja: tundu limezibwa, dawa za kuzuia damu kuganda za nini tena? Wengine hata hawaulizi, wanaziacha kimyakimya.

Tundu limezibwa, ndiyo, lakini tazama limezibwa na nini. Kizibo cha Watchman, kwa mfano, ni fremu ya nitinoli (aina ya metali) iliyovikwa kitambaa cha poliesta, na kitambaa hicho ndicho kinachokutana na damu. Damu ikigusa kitu kigeni, chembe sahani (chembe za damu zinazoanzisha kuganda) hujibandika na kuanza kugandisha. Hatari inapungua pale utando wa ndani wa moyo unapotambaa juu ya kitambaa na kukifunika, kazi ya wiki kadhaa, na kwa wengine ya miezi. Kabla ya hapo bonge la damu linaweza kujijenga juu ya kizibo chenyewe. Hutokea kwa takriban wagonjwa 3 hadi 4 kati ya 100, na hao hupata kiharusi zaidi ya wenzao. Umekubali kupitishiwa mrija toka kinenani hadi moyoni ili ukwepe kiharusi, kisha unakikaribisha tena kwa kukwepa vidonge vya wiki sita!

Ratiba iliyozoeleka ni hii: dawa moja ya kuzuia damu kuganda, yaani warfarini, apiksabani au rivaroksabani, pamoja na aspirini ya dozi ndogo, kwa siku 45. Kisha moyo unapigwa picha, mara nyingi kwa kipimo cha ultrasaundi kinachoingizwa kooni. Kama hakuna bonge na damu inayopenya pembeni haizidi milimita 5, dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda inasimama, unaanza klopidogreli (huzuia chembe sahani zisishikamane) miligramu 75 pamoja na aspirini hadi mwezi wa sita, halafu aspirini peke yake. Siku ya 45 ni ya kipimo. Usijiachishe dawa kwa kuangalia kalenda.

Hesabu vidonge kabla ya kuondoka hospitali, hasa kama umetibiwa nje ya nchi. Apiksabani humezwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo siku 45 ni vidonge 90. Mwenye 60 ataishiwa siku ya 30. Anayetumia warfarini ahakikishe INR (kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inafanya kazi kiasi gani) iko kati ya 2 na 3, maana INR ya 1.4 ni sawa na kubeba vidonge mfukoni.

“Jirani yangu hakupewa warfarini, mimi kwa nini?” Kwa sababu jirani huenda ana historia ya kutokwa damu. Kwa Watchman FLX, toleo jipya zaidi la Watchman, Marekani iliidhinisha mwaka 2022 klopidogreli na aspirini badala yake, na kizibo cha Amulet kinaweza kutumika hivyo pia. Uamuzi huo ni wa aliyekuwekea kizibo, si wa jirani.

“Kizibo kimetibu mpapatiko.” Hapana. Moyo unapapatika vilevile. Dawa za mapigo zinaendelea.

“Diklofenaki ya magoti haina shida.” Ina shida kubwa. Ukichanganya na dawa hizi, tumbo linaweza kuvuja damu. Meza parasetamoli kwa dozi ya kawaida. Na kama unalinda tumbo wakati wa klopidogreli, omba pantoprazoli, kwani omeprazoli huipunguzia nguvu.

“Daktari wa meno kasema niache dawa siku tano.” Mpigie kwanza daktari wa moyo. Jino lisilo na dharura lisubiri.

“Kila mwenye mpapatiko awekewe.” Mwenye vali ya mitrali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao kwetu bado upo tele, hafai. Bonge lake linaweza kuanzia popote ndani ya atria, nje kabisa ya kifuko. Huyo ni warfarini, na ni ya maisha.